Shylock Naye Ni Baba wa Mtu

Nairobi mtu akikuambia televisheni yake iko kwa shailoki, humwulizi maana. Alibanwa na shida, akakopa kwa mtu asiye benki, riba ikamzidi nguvu, kitu kikachukuliwa. Neno limezoeleka hadi likapata wingi, mashailoki, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba lilianza likiwa jina la mtu. Hata wanaojua, wengi wao wanaijua nusu ya habari: Shylock ni yule Myahudi wa kwenye tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice (Mfanyabiashara wa Venice), aliyetaka kumkata mdeni wake ratili moja ya nyama. Nusu ya pili haitajwi. Shylock alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na binti huyo alimtoroka usiku akiwa amebeba mali ya nyumba.

Naandika kuhusu nusu hiyo kwa sababu naona watu wakiizunguka tamthilia hii bila kuipata. Mmoja atasema ni kazi ya chuki dhidi ya Wayahudi, itupwe. Mwingine atasema inawatetea. Mwanafunzi naye hupewa swali kuhusu ishara za mapenzi ya mzazi na ubaguzi, akaorodhesha pete, visanduku na nyama, akaweka nukta bila kuiona kamba inayovifunga pamoja. Kamba hiyo ni ubaba.

Tuanze na maneno mawili. Ishara katika fasihi ni kitu cha kawaida kilichobebeshwa maana kubwa kuliko umbo lake. Chukua kanga ya marehemu mama iliyokunjwa chini kabisa ya sanduku. Imepauka, na ukiipeleka mnadani hupati hata nauli ya kurudia. Lakini mwanao akiichana vipande vya kupigia deki, utalia, na anayekutazama atashangaa mtu mzima analilia kitambaa kikuukuu.

Ubaguzi nao tusiuchukue kama matusi pekee. Matusi ni moshi. Moto wenyewe ni kumhukumu mtu kabla hujamsikia, kisha kila anachofanya ukakipima kwa hukumu ile ile. Akinyamaza, utasema anaficha kitu. Akilia, utasema analilia pesa. Hilo la kulia msomaji alishikilie, tutalirudia.

Kisa chenyewe, kwa asiyekijua, ni hiki. Tamthilia iliandikwa kati ya mwaka 1596 na 1598, ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1600. Bassanio, kijana wa Venice aliyetapanya mali yake, anataka kumposa Portia, msichana tajiri wa Belmont. Hana cha kumfikisha huko kwa heshima, basi anamwendea rafiki yake Antonio, mfanyabiashara mkubwa. Mali ya Antonio yote iko baharini ndani ya merikebu, kwa hiyo wanakwenda kukopa kwa Shylock dukati 3,000, sarafu za dhahabu za Venice, kwa miezi 3. Shylock anasema hataki riba. Anataka waandikishane, kama mzaha, kwamba siku ikipita bila malipo atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Habari zinafika kuwa merikebu zimepotea, siku inapita, kesi inakwenda mbele ya mtawala wa Venice. Portia anaingia mahakamani akiwa amejigeuza mwanasheria wa kiume, anakubali kwamba mkataba ni halali, kisha anaupindua: nyama kata, ila damu isidondoke hata tone. Shylock anashindwa, mali yake inaingiliwa, na analazimishwa kuwa Mkristo.

Kuna kosa moja la kuondoa mapema. Mfanyabiashara anayetajwa kwenye jina la Kiingereza ni mmoja, naye ni Antonio, wala si Shylock. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliiita Mabepari wa Venisi, akatia wingi. Naupenda uamuzi ule. Unawaweka mkopeshaji na msafirishaji wa shehena kwenye mizani moja, na Shakespeare mwenyewe anauunga mkono, maana Portia akifika mahakamani anauliza hapa mfanyabiashara ni yupi na Myahudi ni yupi. Watu hawa wawili, kwa macho ya mgeni, hawatofautiani. Hata hivyo jina hilo lina gharama yake. Ukishawaita wote mabepari unaanza kutazama mifuko yao, na yule ambaye ni baba kati yao anakutoka machoni.

Kwa nini lakini Myahudi ndiye awe mkopeshaji? Msomaji Mwislamu hatapata taabu hapa, kwa sababu Kanisa la Ulaya enzi zile liliitazama riba kwa jicho analolijua: haramu. Biashara nayo haiendi bila mikopo. Katika miji mingi Wayahudi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi, wakaachiwa kazi ambayo Wakristo waliihitaji na huku wakiionea aibu. Kisha wakachukiwa kwa kuifanya. Venice iliwatenga mwaka 1516 kwenye mtaa wao, malango yakifungwa usiku, na mtaa ule uliitwa Ghetto. Neno geto, ambalo vijana wetu wanalitumia kwa chumba cha kupanga, lilianza safari yake pale. Uingereza iliwafukuza Wayahudi wake mwaka 1290 na haikuwaruhusu kurudi hadi 1656, kwa hiyo watazamaji wengi wa Shakespeare walimchukia mtu ambaye hawajawahi kukaa naye meza moja. Na mtu asidhani riba ilikuwa ya taifa moja: John Shakespeare, baba mzazi wa mwandishi, fundi wa glavu pale Stratford, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha kwa riba.

Sasa tuingie nyumbani kwa Shylock. Katika tamthilia nzima, baba na binti tunawasikia wakizungumza mara moja tu, sehemu ya pili, onyesho la tano. Shylock amealikwa chakula cha jioni na Wakristo, na moyo wake unasita. Anamkabidhi Jessica funguo. Anamwambia aitazame nyumba, kwamba usiku huu watapita watu wenye vinyago, ngoma na filimbi zitalia, asipande dirishani kuwachungulia. Ziba masikio ya nyumba yangu, anasema, kisha anajifafanua: yaani madirisha.

Nyumba yenye masikio! Huyu mtu anaiongelea nyumba kama mwili wake, na binti yuko ndani ya mwili huo. Funguo zile zina maana mbili kwa wakati mmoja. Ni amana, kwa sababu humpi funguo usiyemwamini. Ni kifungo pia, kwa sababu anayepewa ameagizwa asitoke. Na ukitaka kujua kwa nini Shylock anafunga hivyo, kumbuka kinachompata nje. Antonio amemwita mbwa mbele za watu na kumtemea mate, na alipokumbushwa siku ya kukopa, hakuomba radhi. Alisema huenda akarudia. Baba anayetemewa mate mchana hurudi nyumbani jioni akakomea mlango mara mbili.

Lakini upande wa pili wa mlango yuko msichana. Jessica anasema nyumba yao ni jehanamu, na anaona aibu kuwa mtoto wa babake. Simtetei Shylock kwa hili. Amefunga madirisha kuzuia chuki ya mtaani isiingie, na mwanawe amekosa hewa. Wapo wazazi wengi wa namna hii hata kwetu, wa kabila au dini iliyo chache mjini, ambao binti akiomba kwenda kwenye harusi ya jirani hujibiwa kwamba watu wale hawatupendi. Huenda ni kweli hawatupendi, ila binti alikuwa akiomba kwenda harusini tu.

Baba anapotoka, Jessica ananong'ona kwamba mambo yakienda alivyopanga, yeye atakuwa amempoteza baba, na babake atakuwa amempoteza binti. Anajua hasara ni ya pande mbili. Muda mfupi baadaye yuko dirishani akiwa amevaa nguo za kiume, anamrushia mpenzi wake Lorenzo kisanduku cha vito, anarudi ndani kuongeza dukati, kisha anashuka.

Kisanduku hicho kitunze akilini, tuvuke hadi Belmont. Babake Portia ni marehemu, lakini ameacha wosia wa ajabu. Kuna visanduku vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha madini ya risasi. Mposaji achague kimoja. Atakayekipata chenye picha ya Portia ndiye atakayemwoa, na atakayekosa aape kutooa maisha yake yote. Portia hana kauli. Analalamika kwamba utashi wa binti aliye hai umefungwa na wosia wa baba aliyekufa, na baadaye anamwambia Bassanio, nimefungiwa ndani ya kimoja kati ya hivi.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, moyo wa tamthilia ulipo. Tuna akina baba wawili, kila mmoja amemfungia binti wake, kila mmoja kwa hofu kwamba mwanamume mlafi atakuja kuchukua mali na mtoto. Mmoja, Nerissa mtumishi wa Portia anatuambia, alikuwa mchamungu, na wacha Mungu wakikaribia kufa hujaliwa maono mema. Mwingine anaitwa bahili na shetani. Kitendo kinafanana, majina mawili. Na sisi wasomaji tunakubali bila kushtuka, kwa sababu baba wa kwanza ana jumba zuri na dini ya wenye mji. Mtu akiniuliza ubaguzi unaonekanaje pasipo tusi hata moja, nitamwonyesha visanduku hivi.

Tusi nalo lipo, tena Belmont kwenyewe. Mposaji wa kwanza tunayemwona akichagua ni Mwanamfalme wa Moroko, mtu mweusi, ambaye maneno yake ya kwanza ni kuomba asichukiwe kwa rangi yake. Anajitolea achanjwe yeye na mtu mweupe kuliko wote wa kaskazini, ionekane damu ya nani ni nyekundu zaidi. Anachagua dhahabu, anakuta fuvu na onyo kwamba ving'aavyo vyote si dhahabu. Akishaondoka, Portia anaomba wote wenye rangi kama yake wachague vivyo hivyo. Wosia wa baba ulikusudiwa kupima moyo wa mtu, si ngozi, na kwa kadiri hiyo baba marehemu alikuwa na haki kuliko binti yake aliye hai.

Tumrudie Shylock, tukifikie kile kilio. Maneno mashuhuri kuliko yote aliyowekewa kinywani ni yale ya kukimbia barabarani akipiga kelele, binti yangu, dukati zangu, binti yangu! Kwa maneno hayo watu hukata shauri kwamba Shylock alipenda pesa kuliko mtoto. Sasa fungua kitabu uone ni nani anayeyasema. Ni Solanio, rafiki wa Antonio, akimsimulia mwenzake huku wakicheka na kumwigiza, naye mwenzake anaongeza kwamba watoto wote wa Venice walikuwa wakimfuata mzee wakimzomea. Sisi hatukumsikia Shylock akilia vile. Tulisikia kilio chake kupitia kinywa cha wanaomchukia. Ni kama kupata habari za msiba kutoka kwa mtu aliyekuwa na ugomvi na marehemu.

Tunapomwona mwenyewe, sehemu ya tatu, mambo ni mazito zaidi, mabaya na mazuri. Anasema damu yangu na nyama yangu imeniasi. Wale vijana wanalichukua neno nyama na kulifanyia utani wa chumbani. Anarudia, polepole, kama mtu anayefundisha: nasema binti yangu ni nyama yangu na damu yangu. Wanamjibu kwamba nyama yako na yake zinatofautiana kuliko weusi na pembe ya ndovu. Yaani hata uzazi wanamnyima. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana nasi humwita mtoto damu yetu bila kufikiri. Shylock amenyang'anywa nyama iliyo hai, na pumzi chache baadaye, wanapomtajia hasara ya Antonio, ndipo anaposhupalia ile ratili ya nyama, na ndipo anapotoa hoja yake kubwa: Myahudi hana macho? Hana mikono? Tukichomwa hatutoki damu? Mkataba ulioandikwa kama mzaha umegeuka. Yeye amepoteza nyama, na wao watatoa nyama.

Nisifiche kinachonipinga. Shylock alikuwa na kinyongo na Antonio kabla ya binti kutoroka, alikisema waziwazi siku ya kwanza, na Jessica mwenyewe anashuhudia kwamba aliwahi kumsikia akiapa kuitaka nyama kuliko fedha mara ishirini. Na baada ya kutorokwa anasema neno ambalo mzazi hapaswi kulisema: laiti binti yangu angekuwa amekufa miguuni pangu, vito vikiwa masikioni mwake. Siwezi kulisafisha neno hilo. Ninachoona ni baba aliyezoea kuhesabu hasara kwa namba, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi pekee aliyoachiwa, na sasa imempata hasara ambayo namba hazina mahali pa kuiweka.

Ushahidi wangu ni pete. Rafiki yake Tubal anarudi kutoka Genoa kumtafuta Jessica. Anamwambia binti ametumia dukati 80 usiku mmoja, na Shylock anaugua. Almasi iliyopotea nayo anaitaja kwa bei yake, dukati 2,000, ameinunua Frankfurt. Kisha Tubal anasema ameonyeshwa pete ambayo Jessica aliiuza kwa kubadilishana na nyani. Shylock hataji bei. Anasema unanitesa, Tubal. Ile ilikuwa feruzi yangu, nilipewa na Leah nilipokuwa kijana sijaoa. Nisingeitoa kwa msitu mzima wa nyani. Leah hatajwi kabla wala baada ya hapo, na kwa mstari huo mmoja tunajua alikuwa nani. Ndiyo ile kanga ya chini ya sanduku. Linganisha na Bassanio na mwenzake Gratiano, ambao waliapa hawatavua pete za wake zao hadi kufa, wakazivua kabla wino wa hukumu haujakauka. Katika tamthilia yenye pete tatu, aliyeijua thamani ya pete ni yule anayesemwa kuwa hajui thamani ya kitu kisicho pesa.

Na mahakamani, kisu kikiwa kimekwisha kunolewa, Bassanio anasema angekuwa tayari kumtoa mkewe kumwokoa Antonio, na Gratiano anamfuatia kwa maneno ya aina hiyo. Shylock anageuka pembeni. Hao ndio waume wa Kikristo, anasema. Nami nina binti. Anasema nina, sio nilikuwa naye.

Ubaguzi unajua nguvu ya ubaba, ndiyo maana huanza kwa kuufuta. Katika Ujerumani ya Wanazi tamthilia hii ilichezwa, lakini kulikuwa na tatizo: sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilikataza ndoa ya Myahudi na asiye Myahudi, na Jessica anaolewa na Lorenzo. Baadhi ya maonyesho yakabadilisha hadithi ili Jessica asiwe binti wa damu wa Shylock. Vienna mwaka 1943, Werner Krauss alimcheza Shylock kama kituko cha kuchukiza, wakati Wayahudi wa mji ule wengi wao walikuwa wamekwisha kusombwa. Miaka mingi nyuma, London mwaka 1879, mwigizaji Henry Irving alifanya kinyume. Aliongeza tukio ambalo Shakespeare hakuliandika: baada ya utoro, jukwaa likiwa kimya, mzee anarudi peke yake akivuka daraja, anafika kwake, anabisha hodi. Hodi ya baba mwenye nyumba kwenye mlango wake mwenyewe, na watazamaji wote wanajua hakuna wa kufungua.

Hukumu ya mwisho nayo imelenga ubaba. Zaidi ya kubatizwa, Shylock anatakiwa asaini hati kwamba akifa, vyote alivyo navyo viende kwa Lorenzo na Jessica. Kurithisha mtoto ni tendo la mapenzi, labda la mwisho ambalo mzazi anaweza kulifanya, na hapa linatolewa kama adhabu. Shylock anasema ameridhika, anaomba ruhusa aondoke kwa kuwa hajisikii vizuri, hati wamletee nyumbani atasaini. Anatoka, na sehemu ya tano nzima inachezwa bila yeye.

Hati inafika Belmont usiku wa mbalamwezi. Muziki unapigwa, na Jessica, ambaye zamani alikatazwa hata kuchungulia wapiga filimbi, amekwisha kusema kwamba muziki mtamu haumfurahishi kamwe. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho jukwaani. Nerissa anamkabidhi Lorenzo karatasi, akisema ni zawadi kutoka kwa yule Myahudi tajiri. Lorenzo anashukuru, anasema ni mana iliyowadondokea wenye njaa, chakula walicholishwa wana wa Israeli jangwani. Jessica amesimama kando yake, karatasi yenye sahihi ya babake imo mikononi mwa mumewe, na Shakespeare hakumwandikia neno.